Mtoto Aliyelia Usiku: Kisa cha Familia ya Rungwe Katika Kambi ya Watoto Ujerumani

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu tunaoandaa familia za watumishi kabla hazijapanda ndege, na kwa ajili ya familia zenyewe. Wahusika wamekisoma na wamekubali kitolewe, mradi nisitaje majina yao, usharika uliowapokea wala mahali kambi ilipokuwa.

Familia ni ya Wamoravian wa Rungwe, mkoani Mbeya. Baba ni mchungaji. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi amefundisha shule ya Jumapili. Wana binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 8. Walikuwa Württemberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwa mkataba wa ushirikiano wa makanisa. Kiangazi cha 2023, shule zilipofungwa mwishoni mwa Julai, usharika uliwaomba wakatumike kwenye kambi ya watoto juu ya vilima vya Schwäbische Alb. Baba afundishe Biblia asubuhi, mama asaidie jikoni, binti awe mwanakambi kama wenzake. Mvulana alipungukiwa umri kwa mwaka mmoja. Ikasemwa tu kwamba atakaa na wazazi wake, na hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo. Alimaliza siku zote za kambi akizurura kati ya jiko na mlingoti wa bendera. Wengine wote waliniletea malalamiko baadaye. Yeye ndiye hakulalamika, na ndiye aliyekuwa na haki zaidi ya kulalamika.

Kambi ilivyokuwa

Makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yana vikundi vya watoto viitwavyo Jungschar, na kila kiangazi vikundi hivyo hupiga kambi ya mahema. Katika kambi hii watoto wanane walilala hema moja pamoja na viongozi wao wawili. Hao viongozi ni vijana wa miaka 17 hadi 20, wanaojitolea bila mshahara, na wengi wao walikua wakija kambi hiyohiyo wakiwa watoto. Mkuu wa kambi alikuwa na miaka 24. Alimwita mchungaji wetu kwa jina lake la kwanza, bila "mchungaji" wala "baba", kwa sababu ndivyo wanavyoitana wote kambini. Baba alilimeza hilo siku ya kwanza. Nalitaja kwa sababu lilikuja kuongeza uzito siku ya tano, pale kijana huyohuyo alipoketi mbele yake na karatasi mkononi.

Mvua na baridi havikuwasumbua. Watu wa Tukuyu hawatishwi na mvua. Mama aliniambia hata ukungu wa asubuhi ulikuwa wa kwao. Jambo jingine lililowafariji ni kijitabu cha mistari ya Biblia ya kila siku, ile desturi iliyoanzia Herrnhut, kitovu cha Wamoravian huko Ujerumani, mwaka 1728 na kuanza kuchapwa kitabu mwaka 1731. Asubuhi ya kwanza baba aliingia jikoni akamkuta mpishi mkuu, mama mtu mzima aliyestaafu uuguzi, amekifungua kwenye meza ya kumenyea viazi. Mstari ulikuwa uleule alioamka nao yeye kwa Kiswahili. Wakasomeana, kila mtu kwa lugha yake, kisha wakaendelea na viazi.

Usiku wa pili, hata hivyo, nusura mambo yaharibike. Kambi hizi zina mchezo wa miaka mingi: vijana wa zamani huja gizani kuiba bendera, na watoto hulinda zamu kwa zamu. Akikamatwa mvamizi, huosha vyombo kesho yake. Kila Mjerumani pale alilijua hilo, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuwaambia wageni. Baba aliamshwa na vishindo vya watu wakikimbia gizani karibu na mahema ya watoto. Alitoka na gogo la kuni mkononi, akipiga kelele za mwizi, na alikuwa tayari kulitumia. Kijana aliyekuwa mbele yake aliinua mikono na kucheka. Baba hakucheka. Aliniambia magoti yalimtetemeka mpaka alfajiri, kwa kuwa alijua jinsi gani usiku ule ungeweza kwisha. Mkuu wa kambi aliomba radhi, akamwingiza kwenye zamu ya ulinzi, na hapo likaishia. Mimi nimelirudia mara nyingi, kwa sababu kosa la usiku wa pili na kosa la usiku wa nne ni kosa moja.

Kupe na saini

Kabla ya usiku wa nne kuna jambo dogo ambalo mama alilisimulia kwa mshangao.

Kusini mwa Ujerumani kupe ni hatari ya kweli. Huambukiza ugonjwa wa Lyme na pia virusi vinavyoshambulia ubongo. Kwa hiyo kila jioni kambini kuna ukaguzi. Watoto hujitazama nyuma ya magoti, makwapani, kiunoni, nyuma ya masikio. Mama, mtoto wa wafugaji, aliwajua kupe tangu utotoni. Jioni ya kwanza alimwona msichana mmoja ana kupe shingoni, akanyoosha mkono amtoe. Kiongozi wa hema, binti wa miaka 18, akamzuia kwa upole. Kwanza akafungua daftari kutazama kama wazazi wa yule mtoto wamesaini ruhusa ya kutolewa kupe. Walikuwa wamesaini. Akamuuliza mtoto mwenyewe, "Naweza?" Mtoto akakubali kwa kichwa. Ndipo akachukua kibano, akambana kupe karibu kabisa na ngozi, akamvuta polepole bila kumminya, akaandika saa na mahali alipokuwa ili pachunguzwe kama patakuwa pekundu. Na yote hayo aliyafanya pale nje, mbele ya wenzake.

"Kumtoa mtoto kupe mpaka baba yake asaini," mama alimwambia mumewe usiku huo. "Hawa watu wanaogopana."

Ningependa kila anayesoma kisa hiki atulie hapo. Ulinzi wote wa kambi ile ulikuwa ndani ya tendo hilo moja: ruhusa ya mzazi, ruhusa ya mtoto, mbele ya macho ya watu, na maandishi. Mama alikitazama kitu kizima kikitendeka mbele yake na akaona woga. Wala simlaumu, kwa maana hakuna aliyekuwa amemweleza kinatoka wapi.

Makaratasi alikuwa nayo. Ujerumani ina sheria ya ulinzi wa mtoto iliyoanza kutumika Januari 2012, na chini yake hata mtu anayejitolea, kutegemea na kazi yake kwa watoto, hudaiwa cheti maalumu cha polisi, cha kina kuliko kile cha kawaida. Wote wawili walikitoa. Kisha walipewa kurasa mbili za mwenendo kambini, kwa Kijerumani cha ofisini, na wakazisaini wakiwa wamesimama, gari likisubiri. Sentensi mojawapo ilisema mtu mzima asikae na mtoto peke yake mahali pasipoonekana, na mtoto asiingie chumba cha kulala cha mtu mzima.

Usiku wa nne

Mvua ilinyesha tangu jioni. Mama alibaki jikoni akisugua masufuria ya supu. Katika hema la binti yake kulikuwa na msichana wa miaka 9 ambaye hajawahi kulala nje ya kwao. Alianza kulia kimyakimya baada ya taa kuzimwa, kilio cha kumtaka mama. Viongozi wa hema hawakuwepo. Walikuwa wamekwenda wote wawili kwenye kikao cha viongozi, na mmoja wao alipaswa kubaki.

Binti yetu akamwambia jirani yake, "Mama yangu yuko jikoni. Nenda."

Msichana akavuka uwanja pekupeku kwenye tope, akiifuata taa. Mama alimfuta miguu, akamfunga kitenge, akampakata. Alimuuliza jina. Mtoto alisema mambo mengi kwa kwikwi ambayo mama hakuyaelewa yote. Akamwimbia wimbo wa kulalia wa Kinyakyusa, uleule aliowaimbia wanawe. Mtoto akalala mapajani. Ilikuwa yapata saa nne na nusu usiku. Mama hakutaka kumwamsha ili amrudishe kwenye hema baridi lisilo na mkubwa. Akambeba hadi chumba cha familia, mwisho wa jengo la jiko, akamlaza kitandani pake, yeye akajinyoosha sakafuni karibu na mwanawe.

Saa sita baba akatoka zamu. Alifungua mlango, akaona kichwa chenye nywele za njano kwenye mto, akaufunga. Hakuingia. Alikwenda kulala kwenye benchi la bwalo. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Dada, mtoto wa kike wa watu amelala, mimi mwanamume niingie?" Basi baba huyu, bila kurasa mbili, alijua mpaka uko wapi. Lakini hakumwambia mtu, kwa sababu alidhani viongozi wanajua.

Hawakujua. Waliporudi hemani walihesabu watoto, wakawapata saba. Wakatafuta chooni, kwenye mahema mengine, kwenye kijito kilichokuwa kimejaa maji ya mvua. Binti yetu alikuwa usingizini na hakuna aliyemuuliza. Ilipita nusu saa. Mkuu wa kambi alikuwa ameshashika simu kuita polisi baba aliposikia jina la mtoto likiitwa gizani, akainuka benchini na kusema, "Yuko kwetu."

Wazazi wa mtoto walipigiwa simu usiku uleule. Baba yake alifika asubuhi, akazungumza na bintiye, na msichana akachagua kubaki. Baada ya chai kikaitishwa kikao. Mkuu wa kambi, macho mekundu kwa kukesha, alisoma ile sentensi kutoka kwenye karatasi, mara mbili. Baba alimtafsiria mkewe. Kuhusu viongozi wawili walioacha hema, siku hiyo halikusemwa neno.

Walichosikia na walichosema

Mama alisikia kwamba ameshukiwa. "Walinisomea kama mshtakiwa," alisema. "Nimelea watoto wa watu miaka yote hii. Kwetu mtoto akilia unamchukua, huulizi wa nani. Mkono mmoja haulei mwana." Tangu saa ile hakutoka jikoni. Watoto walipompungia mkono dirishani aliinamisha kichwa, kwani hakujua tena kipi kinaruhusiwa. Baba alitaka wafunge mizigo.

Mkuu wa kambi, nilipoongea naye baadaye kwa simu, alikuwa na habari nyingine kabisa. Usiku ule alikwisha kumwona akilini yule mtoto akiwa amekufa mtoni. Hakuwahi kumfikiria mama vibaya hata dakika moja. Alisoma karatasi kwa sababu alitetemeka na hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Alikiri kwamba viongozi wake ndio waliokuwa wa kwanza kuvunja utaratibu, na kwamba kikao kilipaswa kuanzia hapo.

Namwamini. Lakini naona alichokiacha ni kikubwa kuliko alivyodhani. Mama alikuta mtoto analia, hana mkubwa karibu, na hakuwa na namba ya simu ya kiongozi yeyote. Kama angefuata kanuni neno kwa neno, angemrudisha wapi? Utaratibu wa ulinzi unaomwambia mtu asifanye nini na usimwambie afanye nini badala yake, humwacha mtu mwema apige ramli usiku wa manane. Alichopaswa kuelezwa ni kifupi: mtoto akikujia, mshike mkono, mpeleke kwenye moto wa viongozi, kaa naye hapo mnapoonekana, mwite mmoja wao. Sentensi moja, kwa lugha anayoielewa.

Hata hivyo sikubaliani na mama, na nilimwambia. Alikosea. Hakukosea kumpakata mtoto jikoni, mlango wazi na taa inawaka. Hapo alifanya kazi ambayo kambi ilishindwa kuifanya. Alikosea alipombeba na kufunga mlango bila kumjulisha mtu. Wema wake haubadilishi hilo, kwa sababu mlango uliofungwa na mwema hauna tofauti yoyote, ukiutazama kutoka nje, na mlango uliofungwa na mwovu.

Meza ya viazi

Aliyeiokoa kazi ya familia hii si mimi wala mkuu wa kambi. Ni yule mpishi. Siku ya sita asubuhi alisoma mstari wake, akamsogezea mama kisu na beseni, wakaanza kumenya. Kisha akaanza kuongea polepole, kwa Kijerumani chepesi, akirudia pale mama alipokunja uso. Alisema alipokuwa msichana, usharikani kwao kulikuwa na kiongozi wa watoto aliyependwa na kila mtu. Alipiga gitaa. Watoto waliokuwa wakilia aliwachukua kuwafariji. Watu walijua, na wasiojua walihisi, na hakuna aliyesema kwa sababu alikuwa mtu wa Mungu. Mmoja wa watoto wale alikuwa mdogo wake. "Ndiyo sababu tunaandika," alimwambia. "Si kwa ajili yako. Kwa ajili yake."

Mama aliniambia kwamba aliacha kumenya, akamshika yule bibi mikono yote miwili, yenye majimaji ya viazi, na hawakusema kitu mpaka maji yalipochemka.

Jioni hiyo alimwendea mwenyewe mkuu wa kambi na pendekezo. Benchi liwekwe nje ya mlango wa jiko, chini ya taa, mahali panapoonekana kutoka kwenye moto. Mtoto yeyote anayetaka kulia aletwe pale na kiongozi wake. Yeye atakuwepo akikanda unga. Ikakubaliwa. Usiku wa siku zilizofuata walikuja watoto kadhaa, na si wasichana tu. Aliwapa donge la unga wa hamira walizungushe kwenye kijiti, kisha kiongozi akawapeleka wakaoke kwenye makaa. Mkate huo wa kijiti una subira yake: ukiuingiza kwenye miali huungua nje na kubaki mbichi ndani, kwa hiyo mtoto hulazimika kukaa, kugeuza, kungoja. Akimaliza, aghalabu kilio kimekwisha.

Baba naye alibaki, na kwenye somo la asubuhi alifanya jambo lililonigusa. Aliwasimulia watoto wa Württemberg habari za Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, na kufika Mombasa mwaka 1844. Wengi hawakuwa wamelisikia jina hilo, wakati sisi tunaosoma Kiswahili tunamkuta kwenye historia ya kamusi zetu. Lakini baba hakukaa sana kwenye kamusi. Aliwaambia kwamba Julai ya mwaka uleule wa 1844, Krapf alimzika mkewe Rosine pale Mombasa, na siku chache baadaye akamzika binti yao mchanga. Watoto wakauliza mtoto aliitwa nani. Hakujua. Mpaka leo, baba anasema, swali hilo limemkaa kuliko somo lolote alilofundisha pale, kwa sababu lilimfanya amtazame mvulana wake aliyekuwa amekaa peke yake chini ya mlingoti.

Kwa nini nasema kanuni ile ni yetu

Januari 2024, familia ikiwa bado Ujerumani, ulitoka utafiti mkubwa kuhusu unyanyasaji wa kingono ndani ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani na taasisi zake za huduma. Ulitaja waathirika wasiopungua 2,225 na watuhumiwa 1,259, na watafiti wenyewe walisema hiyo ni sehemu ndogo tu ya ukweli. Mama alinipigia simu siku hiyo. Hakuongea juu ya Ujerumani. Aliniuliza, "Dada, sisi tumehesabu?"

Jibu ni kwamba taifa letu lilihesabu, kanisa ndilo halijahesabu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu wavulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka huohuo tukapata Sheria ya Mtoto. Watoto hao wapo kwenye shule zetu za Jumapili na kwaya zetu. Hawakutoka sayari nyingine.

Wapo wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu, tusiletewe. Hao nawapa kisa cha John Smyth. Alikuwa mwanasheria maarufu Uingereza na mwenyekiti wa taasisi iliyoendesha kambi za Kikristo za wavulana kule Iwerne Minster, Dorset. Aliwachapa wavulana kwa ukatili wa kutisha kwenye banda la bustani nyumbani kwake Winchester. Mwaka 1982 mchungaji mmoja aliandika ripoti, watu wachache wakaisoma, polisi hawakuambiwa. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe na mkewe na watoto wake, akaanzisha huko kambi za Kikristo za wavulana. Ukiitazama kwa nje, ilikuwa familia iliyojitoa kutumika ng'ambo. Desemba 1992 mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea katika kambi yake mojawapo, Marondera. Mashtaka yaliyofunguliwa hayakufika popote. Mwaka 2001 akahamia Afrika Kusini, na akafa Cape Town Agosti 2018 bila kuhukumiwa. Uchunguzi ulioongozwa na Keith Makin, uliotolewa Novemba 2024, ulikadiria wavulana wapatao 30 Uingereza na wapatao 85 Afrika. Siku chache baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu kwa sababu ya suala hilo.

Watoto 85 wa Afrika. Walilipa wao gharama ya ripoti iliyofungiwa Uingereza. Mtu yule hakuhitaji kujificha. Alivuka mpaka tu, na upande wa pili watu wetu walimpokea kwa heshima tunayompa kila mtumishi wa Mungu mgeni. Hakuna aliyemdai cheti.

Hapa ndipo kisa cha familia ya Rungwe kinapogusa uandaaji wetu moja kwa moja. Cheti cha polisi wa Ujerumani kinaonyesha kumbukumbu za Ujerumani. Kwa mgeni aliyefika juzi kutoka Mbeya, kinasema karibu hakuna kitu. Anayeweza kusema lolote juu ya mwenendo wake wa nyuma ni sisi tunaomtuma. Tukimtuma bila kuuliza, tumeifanya ile karatasi kuwa pambo. Na vivyo hivyo kwa wanaokuja kwetu: kikundi cha vijana kutoka nje kikitaka kuendesha kambi ya watoto Mwanza au Iringa, ni haki yetu kudai vyeti vyao na barua ya usharika wao, na tusione aibu.

Maandalizi ya familia zinazokwenda nje yamejaa mambo ya nguo za baridi, akaunti ya benki, bima na namna ya kuwasalimia wenyeji. Ninachopendekeza ni saa chache, siku mbili kabla ya safari, wazazi wakiwa wamekaa na kanuni za ulinzi wa mtoto za kanisa linalowapokea, zimetafsiriwa Kiswahili sanifu, na mtu wa kuwaeleza kila kanuni ilizaliwa na kilio cha nani. Mwenyeji naye aandike kabla ya kambi ni nani atatembea na familia hiyo usiku na mchana, na kila mtoto wa familia atafanya nini, hata yule ambaye umri haujafika. Neno la mwisho hilo nalisisitiza. Binti alipata hema, marafiki na Kijerumani kizuri kuliko wazazi wake. Mvulana alipata benchi. Familia iliyoalikwa nzima ipangiwe kazi nzima.

Rungwe, baada ya kurudi

Mkataba ulikwisha, familia imerudi. Mama aliomba nakala ya zile kurasa mbili, akakaa na binti yake wakazitafsiri sentensi kwa sentensi, akaziwasilisha kwenye baraza la wazee la usharika wao. Alitaka mambo matatu: darasa la shule ya Jumapili lisiwe na mwalimu mmoja peke yake, mtoto asitumwe nyumbani kwa mwalimu au mchungaji bila mzazi kujua, na kila anayeomba kufundisha watoto alete cheti cha tabia njema, kile cha kuchukuliwa alama za vidole polisi.

Mzee mmoja alisimama akamuuliza, "Mama mchungaji, umekwenda Ulaya ukajifunza kutushuku?" Mama alimjibu kwa heshima zote, amepiga goti kama desturi ya kwao ilivyo: "Hapana, baba. Nimejifunza kwamba hata mimi nilipaswa kuulizwa."

Jambo la walimu wawili limepita, na tayari linatekelezwa, ingawa baadhi ya mitaa haina walimu wa kutosha na watoto wa madarasa mawili wanakaa pamoja. La pili limepita pia, kwa tofauti ndogo ya kura. Cheti hakijapita. Sababu iliyotolewa ni ada na nauli ya kwenda mjini, na ni sababu ya kweli kwa mwalimu wa kujitolea wa kijijini. Nimewaandikia wazee kuomba usharika ulipie gharama hiyo kutoka kwenye sadaka ya watoto, na baba mchungaji, ambaye mwanzoni alikuwa kimya, ameomba cheti cha kwanza kiwe chake. Suala liko kwenye ajenda ya kikao kijacho cha baraza.